Bustani ya mji isijengewe jukwaa la hotuba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wanaochora, wanaojenga na wanaosimamia bustani za umma hapa Dodoma. Sisi ni mafundi wa jukwaa na waongozaji wa maigizo, na jambo letu ni moja. Bustani inapopendezeshwa, hakosekani wa kusema "na jukwaa liwepo", na linalojengwa huwa ni lile lile: sakafu ya zege iliyoinuliwa mita moja na nusu, ngazi pembeni, nguzo nne, paa la bati. Hilo ni jukwaa la hotuba. Linamfaa mtu mmoja mwenye kipaza sauti, anayetaka kuonekana na umati uliosimama. Igizo likipandishwa pale linapoa, ngoma inakatwa miguu, na ngonjera inageuka foleni.

Neno foleni tunalitumia kwa maana yake halisi. Ngonjera ni ushairi wa majibizano, na anayetajwa nayo kuliko washairi wote ni Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ihumwa, hapa hapa Dodoma, mwaka 1917. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi mwaka 1968 wayafikishe mawazo ya Azimio kwa wananchi, na ngonjera zikaenea mashuleni na kwenye sherehe za kitaifa, nyingi zikifanyika nje, uwanjani. Muundo wake unataka watu wawili au makundi mawili yatazamane, huyu atoe hoja, yule aijibu, na hadhira ione nyuso zote mbili. Sasa wapandishe watoto hao kwenye jukwaa la hotuba lenye kipaza sauti kimoja, kimesimikwa katikati na kuelekea mbele. Mtoto wa kwanza anakifuata, anasema ubeti wake akiitazama meza kuu, anarudi mstarini. Wa pili naye hivyo hivyo. Hakuna anayemjibu mwenzake. Mabishano yametoweka, zimebaki zamu. Watu huwalaumu walimu na watoto, na kosa liko kwenye zege.

Ngoma nayo. Katika muheme wa Wagogo kina mama hubana ngoma kati ya mapaja na kuipiga huku wakicheza, kwa hiyo mtazamaji anatakiwa aone kiganja, goti na unyayo kwa wakati mmoja. Mchezaji aliyefunga njuga, mguu wake ni chombo cha muziki kama ulivyo mkono wa mpiga zeze. Macho ya mtu aliyekaa kitini yako kama mita 1.2 kutoka ardhini. Ikiwa sakafu ya jukwaa iko mita 1.5, macho hayo yako chini ya sakafu, na watu wa mistari ya mbele hawaoni mguu hata mmoja. Wazee waliocheza kwenye duara la udongo chini ya mti walikuwa na mpango bora zaidi. Duara lile halikutokana na kukosa vifaa. Lilimpa kila mtu mstari wa mbele au wa pili, na sauti haikuwa na safari ndefu.

Historia ya michezo ya bustanini huko kwingine inatuonyesha kwamba makosa yetu mengi yalishafanywa, na dawa zake zilishapatikana. Bustani ya Vauxhall, kusini mwa mto Thames jijini London, ilianza karibu mwaka 1661 na kufungwa mwaka 1859, yaani karibu miaka 200. Mtu aliyeifanya kuwa mahali pa burudani kwa mpango ni Jonathan Tyers, aliyeichukua mwaka 1729. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na kilibaki hapo miaka mingi. Banda la wanamuziki hakuliweka mwisho wa uwanja. Alilisimamisha katikati ya miti, watu wakilizunguka na kukaa pande zote. Mwaka 1749 muziki ulioandikwa na mtunzi Handel kwa ajili ya sherehe ya fataki ulifanyiwa mazoezi humo mbele ya watu, na waliofika walikadiriwa kuwa 12,000, magari ya farasi yakakwama kwa saa kadhaa kwenye daraja la London.

Tazama walichoonyesha na wasichoonyesha. Nyimbo, kamba ya kutembelea juu, fataki, baluni. Na mwaka 1827 waliigiza vita ya Waterloo kwa askari wapatao 1,000. Tamthilia ya maneno haikuwepo, kwa sababu sheria ya 1737 iliibakiza kwa kumbi chache zenye kibali. Jijini Copenhagen, bustani ya Tivoli iliyofunguliwa mwaka 1843 ilifuata njia iyo hiyo: hadithi zilisimuliwa kwa mwili bila neno kusemwa, na tangu mwaka 1874 zina nyumba yake, jukwaa lenye pazia la umbo la mkia wa tausi linalojikunja na kufunguka, watazamaji wakiwa nje chini ya mbingu. Sheria ndiyo iliyowasukuma, lakini hewa ya wazi nayo ilikuwa upande wa sheria. Nje, kitu cha kwanza kupotea ni konsonanti. Unasikia kwamba mtu anazungumza na hujui amesema nini. Mwili na ngoma hubaki. Neno linahitaji ulinzi. Kwa hiyo anayetaka igizo la Kiswahili katika bustani ya Dodoma, ambako mzaha wote uko kwenye maneno, aanze kwa kupima safari ya sauti kabla hajaagiza nondo.

Hesabu yake haina siri. Mwigizaji aliyezoea kutupa sauti hutoa kama desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukipima mita 1 mbele yake. Penye uwazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Mita 2 ni 69, mita 4 ni 63, mita 8 ni 57, mita 16 ni 51. Bodaboda na magari ya barabara ya jirani yanaweza kufika kiwango hicho bila shida. Kwa hiyo, bila mitambo, mtazamaji wa mwisho asizidi mita 13 au 14 kutoka katikati ya uwanja wa kuchezea, na kelele za barabara zizuiwe zisimfikie. Hayo mawili yanatimizwa na kitu kimoja: tuta.

Tunachopendekeza ni nusu duara la ngazi za kukalia zilizojengwa kwa udongo ulioshindiliwa, likikumbatia uwanja wa kuchezea ulio usawa wa ardhi. Ngazi ya kwanza ikae mita 6 kutoka katikati. Kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 40, ambacho ni kimo cha kigoda, na kina cha sentimita 90 ili miguu ya aliye nyuma isigonge mgongo wa aliye mbele. Zikiwa ngazi 8, ya mwisho inaanzia mita 12.3 kutoka katikati. Urefu wa ngazi zote ukijumlishwa ni kama mita 230; toa njia mbili za kupita zenye upana wa mita 1.2 kila moja, gawa kwa nusu mita kwa kila mtu, unapata watu kama 420. Wote wanaona miguu ya wachezaji, na wote wako ndani ya masafa ya sauti isiyo na kipaza sauti. Mgongo wa tuta, wenye kimo cha zaidi ya mita 3, unazuia kelele za barabara. Anayelalamika kwamba watu 420 ni wachache akumbuke kwamba igizo linaweza kurudiwa siku nne. Hotuba hairudiwi, ndiyo maana ina haja ya kuwapata watu wote kwa mara moja.

Kifusi kinachohitajika, kikishashindiliwa, ni kama mita za ujazo 750, pamoja na mteremko wa nyuma. Mji unaojengwa kila upande una udongo wa misingi unaotafuta pa kumwagwa. Lakini udongo uchaguliwe. Ule mweusi wa mbuga haufai hata kidogo: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na ngazi zitapinda katika msimu wa kwanza. Tumia udongo mwekundu wenye mchanga, au moramu, yaani kifusi chenye changarawe. Umwagwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka inyunyiziwe maji na kushindiliwa kabla ya inayofuata. Wanaomwaga mita nzima na kupitisha mtambo wa kijiko juu yake wanashindilia sentimita za juu tu, chini kunabaki mashimo. Halafu, na hapa ndipo haraka huharibu kazi, tuta liachwe lipigwe na mvua za msimu mmoja kabla ya kujengea mawe usoni mwa ngazi. Litashuka. Likishuka kabla ya mawe, unajaza; likishuka baada ya mawe, unabomoa.

Wapo watakaosema ichimbwe shimo badala ya kupandisha tuta, kwa kuwa kumbi za wazi za kale ziliteremka ardhini. Zile za Ugiriki ziliegemezwa kwenye mteremko wa kilima, maji yakawa na pa kwenda. Dodoma mjini eneo kubwa ni tambarare, na ingawa mvua ya mwaka ni kama milimita 570 tu, hushuka kwa vishindo, dakika arobaini bwawa limejaa. Shimo litakuwa lambo. Hata kwenye tuta, sakafu ya kuchezea iinuke kidogo katikati, sentimita 10 zatosha, na mtaro upite kwenye ukingo wa ngazi ya kwanza ukitokea upande wa nyuma ya wachezaji.

Uelekeo ndio tunaouona ukisahaulika kuliko yote, maana mchoro huwa unafuata lango la bustani. Maonyesho mengi huanza saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama magharibi. Katika miezi ya Juni na Julai jua letu huzama kaskazini kidogo ya magharibi. Hadhira ikielekezwa magharibi, itafunika macho kwa mikono na kuwaona wachezaji kama vivuli. Upande wa pili kuna upepo: miezi ya kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Sauti ikienda na upepo hupindishwa chini kuelekea masikio ya watu, ikienda kinyume hupindishwa juu na kuwapita vichwani, hata kama upepo wenyewe ni wa wastani. Yote mawili yanajibiwa kwa kuwaweka wachezaji upande wa kusini mashariki na hadhira ikiwatazama huko. Jua linakuwa nyuma ya hadhira na kumulika nyuso za waigizaji bure, upepo unabeba maneno yao. Mwigizaji atakunja macho kidogo kwa saa moja ya kwanza. Ni gharama tunayoikubali.

Joto nalo lina kazi yake. Saa kumi jioni ardhi imechemka, hewa ya chini ni moto kuliko ya juu, na sauti hupinda kwenda juu. Jua likishazama, karibu saa kumi na mbili na nusu, ardhi inapoa haraka na sauti inaanza kutambaa chini, inafika mbali ajabu. Mwongozaji mwenye akili huanza na ngoma na kichekesho cha mwili saa kumi na moja na nusu, kisha huleta maneno mazito giza linapoingia. Fundi wa spika naye apunguze sauti saa hiyo, kwa sababu kilichokuwa cha kiasi saa kumi kitawafikia majirani wa mtaa wa pili saa moja usiku, na malalamiko yao yatafunga maonyesho ya watu wote.

Nyuma ya wachezaji pajengwe ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 3 na uso usio laini. Unairudisha mbele sauti ambayo ingepotea. Usiwe na mbonyeo, kwa sababu ukuta uliobonyea hukusanya sauti sehemu moja na kuwanyima wengine. Uachwe na milango miwili, kulia na kushoto, na nyuma yake njia iliyofichika, ili aliyetokea kushoto aweze kuingia tena kulia bila kuonekana. Jukwaa la hotuba halina njia hiyo kwa kuwa hotuba haina kutoka na kuingia, ilhali igizo lote limesimama juu ya nani ameingia na nani hajui kwamba ameingia. Waitaliano wa karne ya 17 walifanya jambo hili kwa miti mitupu: katika bustani ya Marlia karibu na Lucca kuna jukwaa ambalo mabawa yake ni uzio wa mimea uliokatwa ukasimama kama kuta, waigizaji wakijificha kati yake. Nasi tunaweza, mradi tuchague mmea. Minyaa, ambayo ndiyo uzio wa kawaida huku kwetu, isitumike kabisa: utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na waigizaji hupita wakijisugua wakiwa gizani. Michongoma ina miiba ya kurarua mavazi. Mwarobaini unastahimili ukame na hukubali kukatwa; upandwe kwa karibu na ukatwe mara kwa mara ungali mdogo ili utoe matawi ya chini.

Pazia la kitambaa ni shida nyingine ya Dodoma. Kitambaa cha mita 6 kwa 4 kikipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde hubeba sukumo la karibu kilo 150. Huo si upepo wa kutisha hapa, ni upepo wa Agosti. Fremu ya mirunda iliyoegemezwa kwa mifuko miwili ya mchanga itaanguka, na huanguka mbele, juu ya watu. Anayelazimika kutumia mandhari atumie wavu wa kivuli uliopakwa rangi, au vipande vyembamba vilivyoning'inia visivyofungwa chini, upepo upite kati yake.

Sasa paa. Vauxhall iliteswa na mvua miaka yote, na pamoja na madeni, hali ya hewa ni moja ya mambo yaliyoizika. Washindani wao wa bustani ya Ranelagh walijenga jumba kubwa la duara mwaka 1742 ili kuikwepa mvua. Walipata kinga, lakini burudani ikahamia ndani na bustani ikawa njia ya kuingilia tu. Sisi mvua zetu ziko kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki mbingu ni kavu. Neema hiyo London hawakuwa nayo. Huko Cape Town, katika bustani ya umma ya Maynardville, tamthilia zimekuwa zikichezwa nje karibu kila kiangazi tangu mwaka 1956, na wamejipangia miezi yao isiyo na mvua. Nasi tupange msimu wa Mei hadi Oktoba, baada ya mavuno, ambao ndio msimu wa ngoma tangu zamani, na fedha za paa ziende kwenye tuta. Bati lenyewe ni adui: lina mwangwi, linafunika mwanga wa jioni, nguzo zake zinakata macho, na jua likizama linajikunja na kulia "ta! ta!" katikati ya maneno ya mwigizaji. Mitambo ya sauti na vinanda vinahitaji kibanda kidogo cha pembeni chenye kufuli, basi.

Sakafu ya kuchezea isiwe zege. Zege halirudishi chochote. Mchezaji anayeruka juu yake kwa saa nzima huumia vifundo na magoti, na kishindo cha miguu hakisikiki. Udongo wa kichuguu uliopondwa, ukachanganywa na mchanga, ukamwagiwa maji na kupigwa kwa tabaka mbili za sentimita 5, hutoa sakafu ngumu isiyo na ukatili. Unyunyizwe maji saa mbili kabla ya onyesho. Ukinyunyiza nusu saa kabla, watateleza. Usiponyunyiza, kufikia wimbo wa pili vumbi liko kooni mwa waimbaji. Sakafu ya mbao inapendeza zaidi kwa ngoma kwa sababu inalia, lakini mchwa wa huku hauna msamaha: iinuliwe juu ya miguu ya chuma, ipate hewa chini, na mtu apite kila wiki akiangua vijia vya udongo vinavyopanda.

Kuhusu mwanga, tuombe kitu kimoja kabla ya vyote: swichi. Bustani zetu hufungwa taa kubwa nyeupe zinazowaka zenyewe giza likiingia, na hakuna aliyepo jioni hiyo mwenye uwezo wa kuzizima. Mbele ya mwanga huo taa za jukwaa hazina kazi. Vauxhall walikuwa na maelfu ya taa za mafuta, na walizipanga ziwashwe karibu kwa pamoja jioni. Ile dakika ya kutoka gizani kuingia kwenye nuru ilikuwa onyesho lenyewe, watu walisubiri kuiona. Taa zilizo karibu na ngazi za kukalia zipewe waya wake na swichi yake ndani ya kibanda. Kisha nguzo mbili za mita 6 zisimikwe kulia na kushoto, mita 4 hadi 5 kutoka anaposimama mwigizaji, ili mwanga umshukie kwa pembe ya karibu nyuzi 45 kutoka pande mbili. Mwanga wa mbele peke yake hufuta pua na macho, uso unakuwa sahani. Taa 12 za LED za wati 150 ni wati 1,800. Ongeza mitambo midogo ya sauti, hujafika wati 3,000, na saketi moja ya ampea 16 inabeba. Waya zipite ndani ya bomba lililofukiwa nusu mita, na kiwepo kifaa cha kukata umeme unapovuja, maana watoto watapita pale pekupeku kwenye udongo uliolowa. Onyesho likichelewa hadi Novemba na mvua za kwanza zikanyesha, kumbikumbi watakuja kwenye taa. Washa taa moja nyeupe kali mita 30 nyuma ya ukuta, na jukwaani tumia rangi ya kaharabu. Wengi watafuata ile nyeupe.

Spika hatuzikatai. Umati ukizidi ngazi, watu wakasimama nyuma hadi mita 34, sauti ya jukwaani huwafikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Spika ya kusaidia iliyowekwa huko isipocheleweshwa kwa kiasi hicho, na milisekunde 10 hadi 15 zaidi, watu watasikia kila neno mara mbili. Wengi huongeza sauti wakidhani haitoshi, na mwangwi unazidi. Kipaza sauti kivikwe sponji, na juu yake manyoya; upepo wa jioni ukigusa kipaza sauti kitupu hutoa ngurumo inayofunika maneno yote.

Limebaki la majani, ambalo ndilo hugombanisha wasanii na wasimamizi wa bustani kila mahali. Jijini New York, Joseph Papp alikuwa akionyesha tamthilia bure katika bustani ya Central Park. Mwaka 1959 Robert Moses, msimamizi wa bustani za jiji, alimtaka atoze kiingilio ili kulipia majani yanayokanyagwa. Papp alikataa, mahakama ikawa upande wake, na mwaka 1962 ukafunguliwa ukumbi wa wazi wa Delacorte wenye viti kama 1,800, tiketi zikitolewa bure. Tunamshukuru Papp kwa msimamo wake, ila kuhusu majani yenyewe Moses hakukosea. Miguu ya watu 400 mara mbili kwa wiki huua majani yoyote, na katika mji unaohangaikia maji huwezi kuyafufua kila Jumatatu. Ndiyo maana tunataka ngazi ziwe na uso wa mawe na njia ziwe za kokoto, ukoka upandwe kwenye mgongo wa tuta tu, ambako hakuna anayepita na ndiko maji ya mvua yangekula udongo.

Wala hatusemi mkandarasi aitwe kesho. Ukumbi wa wazi wa Regent's Park jijini London ulianza mwaka 1932 na viti vya kukunja juu ya majani. Ngazi zao za kudumu zilijengwa mwaka 1975, walipokwisha kuijua ardhi yao. Hapa mtu anaweza kuanza na kilo chache za chokaa. Achukue kamba ya mita 6, achore nusu duara penye mti upande wa kusini mashariki mwa bustani, aweke mikeka kwa watoto mbele, mabenchi nyuma yao, na waliosimama nyuma ya mabenchi. Saa kumi na moja jioni watoto wawili wasimame katikati, watazamane, wasome ngonjera bila kipaza sauti. Mtu mmoja arudi nyuma hatua kwa hatua akisikiliza. Anaposhindwa kuyashika maneno, asimame na apigilie kigingi. Arudie saa moja usiku, apigilie kigingi cha pili. Arudie Julai na arudie Septemba, upepo ukiwa umebadilika. Kigingi kilicho karibu zaidi kati ya vyote hivyo ndipo ngazi ya mwisho inapostahili kujengwa, na mchoraji apewe kipimo hicho kabla hajashika penseli.

Ni sisi,
Mafundi wa jukwaa na waongozaji wa maigizo,
Dodoma